Miaka 16 kwa Geji ya Mwenzangu

Assalaam aleykum, na habari za jioni. Mwenyekiti amenitambulisha kuwa ni mzamiaji mstaafu, nikaona vijana wa nyuma wanatazamana. Hapana, wanangu, sikuzamia meli kwenda Ulaya. Nilizamia baharini, mtungi wa hewa mgongoni, pamoja na mzee wangu yule pale. Amekaa pembeni ili sikio lake zima linielekee. Habari ya sikio la pili ndiyo iliyonileta hapa.

Tulianza mwaka 1997. Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia, yeye fundi wa mashine. Alitengeneza kompresa ya watu waliokuwa wakizamisha watalii, pesa taslimu zikawapiga chenga, wakamlipa kwa mafunzo ya watu wawili. Wengine hulipwa mbuzi.

Hesabu ya hewa ya kuzamia nilikuwa nikiwafundisha watoto wa kidato cha tatu bila kuwaambia nimeitoa wapi. Mtungi wa lita 12 ukijazwa hadi bar 200, bar ni kipimo cha mgandamizo, unabeba lita 2,400 za hewa. Mtu aliyetulia akitumia lita 20 kwa dakika, huku juu angekaa nao saa mbili. Lakini kila mita 10 unazoshuka, bahari inakuongezea mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Mita 10 ni mara mbili, mita 30 ni mara nne. Kila pumzi inameza hewa mara nne, na zile saa mbili zinabaki nusu saa. Wala huruhusiwi kuimaliza: ikifika bar 50 uwe umeshafika juu, au unakaribia.

Sasa, watu wawili hawapumui sawa. Mzee wangu ana kifua kipana, na alikuwa mlafi wa hewa. Geji yake, ile saa ya kuonyesha hewa iliyobaki mtungini, ikisoma 70, yangu iko 120. Na mnapozama wawili, mwenye hewa kidogo ndiye anayemaliza safari ya wote. Kwa hiyo miaka 16 nilikuwa napanda na mtungi wangu karibu nusu. Wako kasa ambao sikumaliza kuwatazama.

Sheria ya pili ni ya kidole gumba. Huku nchi kavu ukikiinua, mambo safi. Kule chini maana yake ni tupande, sasa hivi. Anayekiinua haulizwi sababu. Utamuuliza mkishakaa botini. Ikumbukeni hiyo.

Mkiniuliza ni wapi palikuwa pazuri, nitasema Mafia, kwenye mlango wa Kinasi, pale ghuba ya Chole inapokutana na bahari kuu. Unaingia maji yakijaa, kwa sababu yanayojaa huja safi kutoka nje. Yakitoka yanakuja na vumbi lote la ghuba, na yanaweza kukuchukua nawe. Siku za bamvua hupigi pezi kabisa. Unajiachia, na mwamba unapita kama nyumba zinavyopita dirishani mwa daladala. Siku moja nikasikia ting, ting: mzee anagonga mtungi wake kwa pete, mara mbili. Hiyo ilikuwa lugha yetu ya "tazama". Nikageuka. Chewa, mkubwa kama mtoto wa darasa la tano, amejibanza nyuma ya jiwe mkondo usimpate, mdomo wazi, na visamaki vinaingia na kutoka vikimsafisha meno. Hatishiki wala hatutaki. Tulilishika jiwe lake kwa vidole viwili, kila mmoja upande wake, tukamtazama mpaka geji ya mwenzangu ikasema basi.

Mwaka 1998 sitausema sana. Maji yalipata joto kupita kiasi na matumbawe yakapauka pwani nzima, meupe kama mifupa. Uzuri wake ulitisha, na wiki kadhaa baadaye mengi yalikuwa yameota mwani. Tuliandika kwenye daftari tukanyamaza.

Na lazima niwaambie hili la bandarini, maana mzee atalalamika nisipolisema. Mzamiaji huvaa mkanda wenye vipande vya risasi, ile madini nzito, ili asielee. Askari wa mlangoni akauinua mfuko wangu, ukamshinda. "Mama, kuna nini humu?" Nami kwa ualimu wangu nikamjibu kwa sauti, "Mkanda wa risasi." Foleni yote ikarudi nyuma. Tuliikosa boti ya asubuhi.

Haya, sikio. Mwaka 2013 mzee alikuwa na mafua. Alimeza kidonge cha kuzibua pua, akasema yuko sawa. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba cha hewa, na mrija mwembamba unakiunganisha na koo. Ukishuka lazima upitishe hewa humo, taratibu, kila mita moja au mbili, la sivyo bahari inaisukuma ngoma ndani. Mrija ukiziba, unapanda kidogo unajaribu tena. Ukigoma, unarudi nyumbani. Mita 10 za kwanza ndizo mbaya kuliko zote.

Tulikuwa mita sita. Nilimwona amebana pua, anapuliza. Mara ya pili. Mara ya tatu mishipa ya shingo ikasimama. Nikainua kidole gumba. Akatikisa kichwa, akanipa ishara ya mambo safi. Na mimi, niliyekuwa nikifundisha mgandamizo miaka yote ile, nikakubali. Akapuliza ya nne, kwa nguvu, kisha akaanza kuzunguka. Si mwili, macho: yalikuwa yanarukaruka ndani ya miwani. Akatapika mdomo ukiwa bado umeuma kipumulio. Nilimshika jaketi nikampandisha, polepole kwa sababu ni lazima iwe polepole, huku nimemkazia macho mbavuni nione kama anapumua. Botini alisema anasikia nyenje. Hadi leo anawasikia.

Daktari alisema utando wa sikio la ndani umechanika, na kuzama tena basi.

Hakunikataza mimi. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu majirani walisema alinikataza. Mwaka mzima nilimkasirikia kimyakimya, chai namwekea, neno simpi. Nilimkasirikia kwa kupuliza ile ya nne. Nafsi yangu niliikasirikia zaidi, kwa kidole nilichokishusha. Kisha yeye mwenyewe akanikatia tiketi ya kwenda Pemba, akasema, "Nenda, mama. Kaumalize mtungi."

Nikaenda Misali. Nikapewa mwenza, kijana mstaarabu, anapumua kidogo kuliko mimi. Kwa mara ya kwanza maishani geji iliyotuongoza ilikuwa yangu. Kwenye ukuta, kiasi cha mita 18, nikamkuta kasa ng'amba anararua sifongo kwa mdomo wake, vipande vinaelea, samaki wanavigombania. Nikagonga mtungi kwa pete: ting, ting. Yule kijana akaja mbio, macho yamemtoka, akinionyesha ishara ya kuuliza: una tatizo gani?

Nikainua kidole gumba. Nilikuwa na bar 130.

Siku hizi tunakwenda Chumbe, ambako wageni hawaruhusiwi kuzama na mitungi. Tunaelea juu na miwani na bomba la kupumulia, kama watoto. Mzee haruhusiwi kushuka hata mita moja. Mimi naweza, ila magoti yana maoni yao.

Mitungi tuliuza, jaketi tuligawa. Ile risasi, kilo 11 kwa jumla, alichukua jirani yetu mvuvi, akaiyeyusha kwenye sufuria chakavu na kuimimina mchangani ikawa chubwi za mishipi yake. Juzi amekuja na changu watatu, anaita kutoka uani: "Mama! Hawa nimewapata kwa risasi zako!" Mzee alikuwa ndani, na kwa sikio lake lile moja akashika neno moja tu. Alitoka na mchi wa kinu.