Hoja za Asiyeamini Ndani ya Kitabu cha Mwamini

Ndugu wasikilizaji, leo nitazungumzia mabishano ya watu wawili ambao hawakuwahi kuonana. Celsus, mwanafalsafa aliyeandika kwa Kigiriki mnamo mwaka 178, aliwashambulia Wakristo katika kitabu alichokiita Neno la Kweli. Miaka 70 hivi baadaye Origen, mwalimu kutoka Aleksandria aliyekuwa amehamia Kaisaria ya Palestina, aliombwa na rafiki yake Ambrose amjibu, naye, baada ya kukumbusha kwanza kwamba Yesu alinyamaza mbele ya mashahidi wa uongo, akajibu kwa vitabu vinane.

Kitabu cha Celsus kimepotea. Sehemu kubwa ya maneno yake tunayo kwa sababu Origen aliyanukuu kifungu kwa kifungu kabla ya kuyajibu, matusi yakiwa humo humo. Watetezi wa imani waliomtangulia, kama Yustino aliyeuawa Roma mnamo mwaka 165, walilazimika kumweleza Kaisari kwamba Wakristo hawali nyama za watu; Celsus alikuwa na maswali mazito kuliko uvumi huo. Aliuliza kwa nini Yesu, kama kweli alifufuka, hakuwatokea wale waliomhukumu. Aliwacheka wafuma sufu, washona viatu na madobi, ambao mbele ya mabwana zao hawathubutu kufungua kinywa, lakini wakiwapata watoto na wanawake faraghani huwafundisha kwamba baba na mwalimu hawajui kitu. Kubwa kuliko yote, alidai kwamba wito wa Wakristo ni huu: usichunguze, amini tu.

Hapo Origen hakukana moja kwa moja. Alikiri kwamba ingekuwa vyema kila mtu aache shughuli zake ajifunze falsafa, ila mahitaji ya maisha hayawaachii wengi nafasi hiyo. Je, dobi asubiri kuiacha dhambi mpaka amalize kusoma? Kisha akauliza ni nani asafiriye baharini, aoaye, au atupaye mbegu ardhini, bila kuamini kwamba mwisho utakuwa mwema, ingawa mambo huweza kwenda kinyume.

Mfano huu unapendwa sana, nami naona una upungufu. Mkulima anayefukia mbegu leo aliona mbegu kama hiyo ikichipua msimu uliopita, lakini aliyeambiwa habari za ufufuo hana msimu uliopita wa kuutazama. Naamini Celsus angeliona pengo hilo mara moja.

Jibu lenye nguvu zaidi Origen alilitoa karibu na hapo, na wasomaji wengi hulipita haraka. Alisema kwamba hata mwanafalsafa, anapojiunga na Wastoa, wafuasi wa Plato au wa Epikuro, hafanyi hivyo baada ya kusikiliza hoja za shule zote na kuzipima moja baada ya nyingine. Huvutwa na mwelekeo wa moyo wake, au hukutana na mwalimu fulani kwanza, akaamini kwamba shule ile ndiyo bora, na uchunguzi ukafuata baadaye. Kwa hiyo Celsus naye, kabla ya kuwacheka madobi, alipaswa kueleza ni mwalimu gani alikutana naye kwanza.