Pampu Haishiki Ekseli: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Umekanika

Walimu wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nimepewa nusu saa na dakika tano zimeshakwisha nikitafuta pa kuweka jeki hii, kwa hiyo tuanze.

Hii ni jeki ya chupa. Kila mmoja wenu ameshaipiga akiwa amelala chini ya gari. Ukiielewa, umeshazielewa pikapu mnazoziona kwenye simu zikilaza tumbo barabarani kisha zikiinuka kona moja moja. Mafuta hayabonyei. Ukiyasukuma huku, yanatokea kule na nguvu zake zote.

Mchezo wenyewe ni wa California, Marekani. Mwaka 1958 sheria ya jimbo ilikataza sehemu yoyote ya bodi kushuka chini ya ukingo wa rimu. Vijana wa huko, wengi wenye asili ya Mexico, walikuwa wanakata springi, na springi ikishakatwa hairudi. Mwaka 1959 Ron Aguirre wa San Bernardino akafunga kwenye Corvette yake vifaa vya haidroliki, yaani vya kusukuma kwa mafuta, vilivyotolewa kwenye ndege. Askari akionekana, gari liko juu. Akishapita, liko chini. Katazo lenyewe limefutwa na sheria iliyoanza Januari 2024. Historia inatosha.

Mimi nimefunga mitambo hii huko kwa miaka tisa, na gari lililopita sana mikononi mwangu ni pikapu ya Chevrolet S-10. Mbele ina springi za kuzunguka na mikono miwili ya kushikia gurudumu kila upande. Unatoa springi, unaweka silinda, yaani jeki kama hii inayosukumiwa mafuta na pampu ya umeme. Sasa angalieni ubaoni. Tuseme gurudumu linabeba kilo 400. Silinda imekaa katikati ya mkono wa chini, haiko kwenye gurudumu lenyewe, kwa hiyo inabeba mara mbili: kilo 800. Pistoni ya milimita 25 ina eneo la karibu sentimita 5 za mraba. Gawanya: kilo 160 kwa kila sentimita ya mraba. Tairi la pikapu mnalijaza kilo 2. Ndiyo maana mpira wa maji ya bustani hauna kazi hapa, na anayekuletea hozi isiyoandikwa uwezo wake mrudishie.

Kwa sababu mafuta hayabonyei, gari lililosimama juu ya mafuta matupu linatembea kama mkokoteni. Tunaunganisha tangi dogo lenye naitrojeni, limetengwa na mafuta kwa utando. Gesi ndiyo inayobonyea. Citroën walifanya hivyo kwenye DS yao mwaka 1955, na gari lile lilipita kwenye shimo kama halikuliona. Gesi ijazwe kwa mgandamizo ulio chini ya ule wa mafuta gari likiwa limesimama, la sivyo utando unakaa umelala na tangi halifanyi kitu. Na tafadhali sana, mtungi wa oksijeni ulioko kwa mchomeleaji wa jirani usiuguse. Oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta inalipuka.

Nyuma ndiko wengi wanakoharibu. S-10, kama Hilux mnazozijua, imekalia springi za mabamba. Yale mabamba hayabebi mzigo tu: yanaizuia ekseli, ule mhimili wa magurudumu, isiende mbele, isirudi nyuma, isitoke pembeni. Ukiyatoa ukaweka silinda, nani anaishika ekseli? Silinda inasukuma juu na chini, basi. Lazima utengeneze mikono minne ya chuma kutoka kwenye chesisi, yaani fremu ya gari, yenye bushi, na iwe imepangwa kwa namna ya kuzuia pembeni pia. Halafu chesisi ikatwe nusu duara juu ya ekseli ipate pa kupandia, na mahali hapo paongezwe bamba, maana umelipunguzia gari mfupa.

Pikapu yangu ya kwanza niliipima ikiwa kwenye kimo cha kutembea tu. Nikachomelea, nikapaka rangi, nikamwita mwenye gari. Amesimama mlangoni na kahawa yake, nikabonyeza swichi, nyuma ikapanda hadi mwisho, hozi ya breki ikakatika kama uzi. Mafuta ya breki yalifika kwenye viatu vyake. Hakusema neno, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Siku hizi sichomelei moja kwa moja. Nabandika kwa nukta chache za kuchomelea, silinda hazijafungwa, naweka jeki kama hii chini ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, napandisha ekseli kidogo kidogo toka mwisho hadi mwisho huku nimelala na tochi. Natazama hozi, propela shafti, viungo vyake vya krosi, na chesisi. Inakula siku mbili, na mteja atalalamika.

Umeme kwa ufupi: betri mbili mfululizo, volti 24, zinatosha kuinua. Za kurusha gari ni nyingine, mimi sizifungi. Weka kikata umeme unachoweza kukifikia haraka, maana solenoidi, yaani swichi kubwa ya kuwashia pampu, hugandana na pampu ikakataa kuzima.

Nimeona mkono. Unauliza kama itabeba mzigo? Haibebi. Karai lake limejaa pampu na betri, na sakafu imetobolewa difu lipite. Njooni nje sasa, mmoja achukue kile kipande cha boksi: ndicho tunachopitishia kwenye viungo kutafuta uvujaji. Kidole hapana, mafuta haya yanapenya ngozi.