Jaribio la Stroop kwa Kiswahili: tasnifu inapoharibikia kabla ya mshiriki wa kwanza

Haya wadau, habari za huko nyumbani. Video ya leo ni yenu mnaosoma saikolojia ya majaribio, uzamili au uzamivu. Tazameni skrini yangu. Neno limeandikwa NYEKUNDU, lakini wino wake ni wa kijani. Kazi yako ni kutaja rangi ya wino, usisome neno. Umeona ulimi ulivyosita? Kusita huko ndiko tunakokupima.

John Ridley Stroop naye alikuwa mwanafunzi tu. Hii ilikuwa tasnifu yake ya uzamivu pale George Peabody College, Nashville, ikachapishwa 1935. Washiriki 100 walitaja rangi 100 kila mmoja. Kwa viboksi vya rangi visivyo na neno walitumia wastani wa sekunde 63.3, kwa maneno yanayopingana na wino wake, 110.3. Tofauti ni kubwa mno, ndiyo maana watu wanadhani jaribio hili halina kazi.

Kazi ipo, na inaanzia kwenye maneno yenyewe. Nyekundu, nyeusi na nyeupe zote zinaanza na “nye”. Mshiriki akijibu kwa mdomo, akaanza “nye…” kisha akajisahihisha, maikrofoni imeshamhesabia kuwa amejibu. Buluu nayo ina mambo yake: huyu anaandika bluu, yule anakwambia ni samawati. Mimi nachukua nyekundu, kijani, buluu na njano, mandhari ya nyuma iwe ya kijivu ili njano isipotee, na majibu yawe kwa vitufe vinne. Mpime kila mtu upofu wa rangi kwanza, hasa wanaume, maana wao ndio wenye nao zaidi.

Sasa hesabu. Maneno manne kwa rangi nne ni michanganyiko 16: neno na wino vinapatana kwenye 4, vinapingana kwenye 12. Wengi wakiona 4 kwa 12 roho haitulii, wanazirudia zile 4 mara tatu ili iwe nusu kwa nusu. Hapo umejichongea. Neno NYEKUNDU sasa linatokea mara 6, na mara 3 kati ya hizo wino wake ni mwekundu, wakati kila rangi nyingine inapata mara moja tu. Bila mshiriki kujitambua, kidole chake kinajifunza: likija neno hili, bonyeza kitufe kile. Unadhani unapima mgongano wa kusoma na kutaja, kumbe umeuchanganya na kubahatisha. Baki na 16 zako, zirudie mara 9, upate raundi 144, na pumziko katikati. Raundi za mazoezi, kama 20 hivi, ziwekwe mwanzoni na zisihesabiwe.

Muda wa kwenye skrini, hebu tusogee karibu. Skrini ya kawaida inajichora upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16.7. Ukiiagiza PsychoPy, programu ya kuendeshea majaribio, ionyeshe kitu kwa milisekunde 40, haiwezi. Itakuonyesha 33 au 50. Kwa hiyo hesabu kwa fremu: fremu 12 ni milisekunde 200, fremu 30 ni nusu sekunde. Kibodi ya kawaida inachelewesha kidogo, lakini hapa msihangaike sana. Ucheleweshaji ule ule upo kwenye maneno yanayopatana na yanayopingana, ukitoa hiki kwa kile unafutika. Balaa ni kundi moja kutumia kompyuta hii na kundi jingine ile. Hapo mashine ndiyo inayokuandikia matokeo.

Washiriki wangapi? G*Power, programu ya kukadiria idadi hiyo, ni ya bure, imetoka Chuo Kikuu cha Düsseldorf. Kila mshiriki akipitia hali zote mbili (kupatana na kupingana), athari (ukubwa wa tofauti ukilinganishwa na mtawanyiko wake) 0.5, alfa (hatari unayokubali ya kuona tofauti isiyokuwepo) 0.05, nguvu (uwezekano wa kuigundua tofauti iliyopo) 0.80, unahitaji watu 34. Ukiwagawa makundi mawili tofauti, 64 kila kundi. Athari ikishuka hadi 0.2, hata wakipitia hali zote mbili unahitaji 199. Na swali la tasnifu huwa haliishii kwenye Stroop yenyewe. Ukiuliza kama msomaji aliyefundishwa kwa Kiingereza anakwama zaidi kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, unalinganisha tofauti mbili, na hiyo athari huwa ndogo.

Kanuni za kuondoa data ziandike OSF, tovuti ya kusajili mpango wa utafiti, kabla hujakusanya: majibu sahihi tu, chini ya milisekunde 200 nje, juu ya kikomo ulichokitaja nje. Watafiti Simmons, Nelson na Simonsohn walionyesha 2011 kwamba ukijipa uhuru wa kuchagua baadaye, uwezekano wa kupata tokeo la uongo unatoka 5% na kupita 60%. Vibali nitavipita haraka: kamati ya maadili ya chuo chako huku ughaibuni haitoshi kama unakusanyia data kule nyumbani. Kwa vibali vya utafiti, Tanzania kuna tume ya COSTECH, Kenya kuna NACOSTI. Anza mapema.

La mwisho, na hili hata wasimamizi wengine linawapita. Stroop inatokea karibu kwa kila mtu, na kwa sababu hiyo hiyo ni kipimo dhaifu cha kumtofautisha mtu na mtu. Watafiti Hedge, Powell na Sumner walilieleza hilo vizuri 2018. Ukitaka kuhusisha alama ya Stroop ya kila mshiriki na alama zake za mtihani, kwanza gawanya raundi zake, witiri huku, shufwa kule. Piga hesabu ya athari kwa kila nusu, kisha angalia uwiano wa nusu hizo kwa washiriki wote, yaani kama mwenye athari kubwa nusu hii anayo pia nusu ile. Uwiano ukiwa chini, usiihusishe na chochote. Ongeza raundi au badilisha swali.