Eclipse wa Kwanza, Wengine Hawapo

Habari za jioni, mabibi na mabwana. Poleni na mvua, na asanteni kwa kuja hivyohivyo.

Tuanzie Epsom, kusini mwa London, tarehe 3 Mei 1769. Zama zile farasi alikimbia maili nne, yaani kilomita sita na ushei, akapumzishwa na kufutwa jasho, kisha akarudishwa uwanjani azikimbie tena zilezile. Yadi 240 kabla ya mstari wa mwisho ilisimama nguzo. Mshindi akifika mstarini wewe hujaipita nguzo hiyo, hesabu yako imekwisha. Hupewi nafasi ya pili wala ya tano, hutajwi.

Siku hiyo alikuwapo farasi mgeni wa miaka mitano, Eclipse, na wapinzani wanne. Raundi ya kwanza akaichukua bila jasho. Kabla ya raundi ya pili mcheza kamari mmoja wa Ireland, Dennis O'Kelly, akatangaza kuwa ataweza kutaja farasi wote watakavyofuatana. Watu wakatoa fedha zao, maana nani wa kubashiri farasi watano kwa mpangilio? Akasema: Eclipse wa kwanza, wengine hawapo. Hakuwa na haja ya kumjua wa pili. Alitaka tu wote wanne waachwe nyuma ya nguzo, na wakaachwa.

Huyo O'Kelly aliwahi kufungwa kwa madeni, na mwenziwe Charlotte Hayes alikuwa na danguro mjini London. Waungwana wa Jockey Club, chama cha wakubwa wa mbio za farasi Uingereza, hawakumkubali uanachama mpaka anakufa. Kumbukeni hilo, kwa sababu farasi bora wa Uingereza aliishia mikononi mwake.

Eclipse alifikaje huko? Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1764, siku jua lilipopatwa, ndiyo asili ya jina. Mmiliki wake wa kwanza alikuwa Duke wa Cumberland, mtoto wa Mfalme George II, yule aliyepewa jina la Mchinjaji baada ya vita vya Culloden huko Scotland. Duke akafariki mwaka uliofuata, farasi wakapigwa mnada, na huyu akanunuliwa gini 75, sarafu za dhahabu za Uingereza za zama zile, na William Wildman, mfanyabiashara wa mifugo wa soko la Smithfield. Kutoka kwa Mchinjaji hadi kwa mtu wa soko la nyama! Bahati yake hawakumla. Alikuwa mkali hata ikafikiriwa ahasiwe atulie. Hebu pigeni picha: kisu kimoja tu siku ile, na sehemu yote ya mhadhara wangu inayofuata isingekuwapo.

O'Kelly alinunua nusu yake kwa gini 650, kisha nusu ya pili kwa 1,100. Mbio zenyewe nitazipitia harakaharaka. Miezi 17, mashindano 18, yote kashinda. Kadhaa yalikuwa ushindi wa mezani, kama timu pinzani isipotokea, isipokuwa yeye ilimbidi auzunguke uwanja peke yake. Mwisho wa 1770 hakukuwa na wa kushindana naye wala wa kuweka dau dhidi yake, akastaafishwa.

Kwangu mimi hapo ndipo kazi yake inapoanza. Aliwekwa Clay Hill, Epsom, majike yakaletwa kwake kwa malipo. Na sasa jambo linalonishangaza kila nikilisoma: farasi huyu asiyeshindwa uwanjani hakuwahi hata mwaka mmoja kuongoza orodha ya madume ambao watoto wao wameshinda zaidi. Kwanza alitanguliwa na dume mwingine, Herod. Herod alipotoka akatanguliwa na Highflyer, mtoto wa Herod. Yeye wa pili, wa pili, wa pili. Watoto wake watatu walishinda Derby ya Epsom, mbio kubwa za farasi wa miaka mitatu, Young Eclipse mwaka 1781, Saltram 1783 na Sergeant 1784, lakini ukoo haukubebwa na hao. Ulibebwa na mtoto wake King Fergus, na mwingine mwenye jina la kituko. Inasimuliwa kuwa kijana wa bandani aliambiwa aandike neno la Kiingereza la viazi, akaandika Pot, akaongeza o nane. Jina likabaki hivyo: Potoooooooo.

Potoooooooo akapandishwa kwa Maria, binti wa yuleyule Herod, akazaliwa Waxy, mshindi wa Derby ya 1793. Wafugaji walikuwa wamegundua kuwa damu za mahasimu hawa wawili zinapatana. Majike wa Herod na Highflyer, waliompokonya Eclipse uongozi, ndio waliowazaa wajukuu wake. Leo zaidi ya asilimia 90 ya farasi wa mbio wa damu safi duniani, ukifuata baba kwa baba, unaishia kwake. Mkienda Ngong, Nairobi, siku ya mbio, karibu wote mnaowashangilia ni wake. Naye, babu wa babu yake ni dume aliyenunuliwa Aleppo, Syria, na Thomas Darley mwaka 1704. Upande wa mama anafika kwa dume mwingine maarufu, Godolphin. Wenye jamaa Dubai watayatambua majina hayo, Darley na Godolphin: mtawala wa huko ameyapa mazizi yake.

Alikufa kwa msokoto wa tumbo tarehe 27 Februari 1789, akiwa na miaka 24. Mganga wa mifugo wa Kifaransa, Sainbel, akampasua ili apime kila mfupa na kujua kasi ile ilitoka wapi. Mifupa yake sasa iko katika chuo cha mifugo cha Royal Veterinary College, Hertfordshire. Kwato zilikwenda kwingine. Moja Mfalme William IV aliitoa iwe zawadi ya mashindano. Ila kwato zinazodaiwa kuwa za Eclipse, ukizikusanya zote, zinapita nne.

Karibuni maswali.