Injini Ileile, Gari Tofauti: McLaren MP4/4 na Msimu wa 1988
Mhadhara kwa mafundi magari, Tabora

Wazee wa gereji shikamooni, vijana hamjambo.

Gari la leo ni la kiti kimoja, McLaren MP4/4, lililoshinda mbio 15 kati ya 16 za Formula 1 mwaka 1988. Ukiuliza siri yake, wengi watakujibu: injini ya Honda. Jibu hilo halitoshi. Lotus nao walifunga injini hiyohiyo mwaka huo, wakampa usukani Nelson Piquet, bingwa wa dunia wa 1987, na hawakushinda hata mara moja. Kwa hiyo tufungue bodi tuone.

Kanuni za mwaka ule ziliwabana kwa makusudi wenye tabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, kama ilivyokuwa ya Honda. Shinikizo la hewa lilishushwa kutoka bar 4 hadi 2.5, mafuta kutoka lita 195 hadi 150, na kujaza njiani ni marufuku. Mbio moja ni takriban kilomita 300. Ukitoka hapa nazo, Kigoma hujafika. Ni nusu lita kwa kilomita, kwa injini ya lita 1.5 inayotoa farasi zaidi ya 600.

Honda walitumia petroli yenye toluini asilimia 84. Toluini haigongi kirahisi, yaani hailipuki ovyo ndani ya silinda, ila ni nzito kugeuka mvuke. Ikiingia baridi hubaki matone kwenye kuta za silinda, na mafuta yanatoka na moshi bila kuungua. Wakaipasha moto kabla haijafika kwenye nozeli. Mafundi, mnajua hatari yake: joto likizidi na mafuta yakipungua, injini inagonga, na pistoni hutoboka upesi mno. Toluini ndiyo iliyowapa nafasi ya kubana matumizi bila kuua pistoni.

Sasa kimo, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Shika klachi ya Fuso mkononi. Nusu ya upana wake ndiyo inayoamua krenkishafti, shafti kuu ya injini, ikae juu kiasi gani kutoka sakafu ya gari. Klachi ikiwa ndogo, krenki inashuka na uzito wote unashuka nayo. Lakini shafti za magurudumu ya nyuma zitalazimika kupanda kwa pembe kali, na jointi zake hazitadumu. Dawa ilikuwa giaboksi ya shafti tatu badala ya mbili: ile ya ziada inainua mzunguko hadi usawa wa magurudumu. Dereva naye alilazwa karibu chali, hewa ikafika safi kwenye bawa la nyuma.

Gordon Murray, mkurugenzi wa ufundi wa McLaren, alikuwa amejaribu gari la chini hivyo 1986, Brabham BT55. Injini ya BMW ya silinda nne kwa mstari ililazwa ubavu, oili ikawa hairudi vizuri, nguvu ikapotea. V6 ya Honda, yenye silinda sita zilizopangwa kama herufi V, haikuhitaji kulazwa. Steve Nichols akaongoza usanifu wa MP4/4.

Madereva wa McLaren walikuwa Alain Prost na Ayrton Senna, na mbio pekee waliyopoteza ni ya Monza, Italia. Injini ya Prost ilikufa. Senna akiongoza, zimebaki raundi mbili, akagongana na Jean-Louis Schlesser, dereva wa nyuma ambaye Senna alikuwa akimpita kwa raundi nzima. Ferrari ya Gerhard Berger ikashinda.

Prost alikusanya pointi 105, Senna 94. Lakini yalihesabiwa matokeo 11 bora tu, hivyo Senna akawa bingwa kwa 90 dhidi ya 87. Kwa mwenye ushindi 8 dhidi ya 7, naona ilikuwa haki. Mwaka 1989 tabo zikapigwa marufuku, na MP4/4 haikushindana tena.