Mama ndege anaanza kulea watoto wakiwa bado kwenye kiini

Haya, tuendelee. Kiini cha yai, ile njano, wengi tunajua ni chakula cha kifaranga basi, mafuta na protini, kumbe humo humo mama anatia na homoni zake, yaani kemikali zinazouelekeza mwili ufanye nini, mojawapo testosteroni, ndiyo hiyohiyo watu wanadhani ni ya madume tu. Inatoka kwenye seli zinazozunguka kiini kikiwa bado kinakua kwenye ovari, yaani kifaranga hata hajaanza kuumbika dozi yake ishawekwa.

Mwaka 1993 mtafiti wa ndege Hubert Schwabl alionyesha hili kwa kanari, wale ndege wadogo waimbaji. Kanari anataga yai moja kwa siku na anaanza kuatamia kabla hajamaliza, sasa yule kitinda mimba anaanguliwa anawakuta wenzake washakula washanenepa. Ila Schwabl alipopima akakuta mayai ya mwisho ndo yana testosteroni nyingi kuliko ya kwanza! Baadaye akadunga homoni hiyo kwenye viini, vifaranga wakatoka wanaomba chakula kwa nguvu zaidi na wakakua haraka.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, maana mtu ataondoka anasema mama ndege humwonea huruma mdogo. Hapana. Chukua yangeyange, hawa weupe tunaowaona kila siku wanafuata ng'ombe malishoni. Schwabl na watafiti wenzake Mock na Gieg walipima mayai yao wakachapisha 1997, na huko ni kinyume kabisa, yai la kwanza na la pili ndo yamejaa homoni, la tatu limepunjwa. Na vifaranga wa yangeyange wanapigana kweli kiotani, wakubwa wanamdonoa mdogo, chakula kikiwa haba anaweza kufa na wazazi wapo hapohapo hawaamulii. Inauma kuisikia, najua, lakini mwaka wa shibe wote watatu wanaweza kupona, mwaka wa njaa angalau wawili wanaruka badala ya kufa wote.

Kuna aliyeuliza kwa nini mama asiwajazie wote tu? Swali zuri sana hilo. Kwa shakwe wenye kichwa cheusi watafiti waliongeza homoni kwenye mayai, vifaranga wakakua vizuri na kushindania chakula vizuri, ila kinga yao ya mwili ikashuka. Kwa hiyo kila tone analoongeza mama linamtafutia mtoto chakula na hapohapo linamfungulia mlango wa magonjwa.