Frederic Church na Dirisha la Senti 25

ZUHURA: Wasikilizaji wetu, hamjambo na karibuni tena kipindini. Leo tunamzungumzia Frederic Edwin Church, mchoraji wa mandhari aliyezaliwa Hartford, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, mwaka 1826. Kaka Baraka, nakuomba tusianze na utoto wake, bali tuanze na ule umati wa New York.

BARAKA: Na umati huo una haki ya kutangulia, dada Zuhura. Mwaka 1859, katika jengo la studio za wasanii lililokuwa Mtaa wa Kumi, watu zaidi ya 12,000 walilipa senti 25 kila mmoja, katika muda wa wiki tatu tu, ili watazame picha moja. Picha hiyo ilizungushiwa fremu kubwa ya mbao nyeusi iliyotengenezwa mfano wa dirisha, na pembeni yake yakatundikwa mapazia. Watu waliketi kwenye mabenchi, na baadhi yao walikuja na darubini ndogo za kutazamia michezo ya jukwaani.

ZUHURA: Darubini, ndani ya chumba!

BARAKA: Naam, kwa sababu *Moyo wa Andes* una upana wa mita 3 hivi na kimo cha mita 1.68, na kila pembe yake imejaa vitu vidogo ambavyo jicho tupu huvipita.

ZUHURA: Mimi hupenda kuanzia chini, upande wa kushoto, penye shina la mti lililopigwa na jua. Ukilikaribia gome lake utaona jina la mchoraji na mwaka wa picha, vimechorwa kana kwamba mpita njia amevichonga kwa kisu. Si mbali na hapo kuna kijia, kuna msalaba, na kuna watu wawili walio mbele ya msalaba huo, wadogo kiasi kwamba unaweza kuutazama mlima kwa muda mrefu bila kujua kwamba wapo.

BARAKA: Na nyuma kabisa, mlima Chimborazo wa Ekwado na theluji yake. Hata hivyo, mahali hapo hapapo duniani. Church alisafiri Amerika Kusini mara mbili, mwaka 1853 na mwaka 1857, akachora kwa penseli na kwa rangi za mafuta miti, mawe, maporomoko na vilele vya Ekwado, kisha akarudi New York akaviunganisha katika turubai moja. Nakuuliza waziwazi: huo si udanganyifu?

ZUHURA: Ungekuwa udanganyifu kama angedai kwamba ni bonde fulani lenye jina. Church alikuwa akizifuata nyayo za mwanasayansi Alexander von Humboldt, aliyejaribu kukipanda kilele cha Chimborazo mwaka 1802, na aliyefundisha kwamba mlima mrefu ulio karibu na ikweta hukusanya hali zote za hewa kwenye ubavu mmoja. Msikilizaji wa Moshi hahitaji kufafanuliwa jambo hilo, kwa kuwa anaishi migombani na anaiona barafu ya Kibo juu ya kichwa chake. Lakini mmisionari Johannes Rebmann aliporipoti theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, walikuwapo wataalamu London waliombishia. Church alitaka mtu aliyeketi kwenye benchi New York aione safari hiyo nzima ya kupanda, kuanzia majani mapana hadi theluji. Alikusudia hata kuipeleka picha Berlin ili Humboldt aione, ila mzee huyo alifariki Mei 1859, picha ingali inaonyeshwa.

BARAKA: Hapo nakubali, ingawa bado nadhani picha ya *Niagara*, ya mwaka 1857, ina ujasiri zaidi. Aliondoa ardhi yote ambayo mtazamaji angeweza kuikanyaga, na maji yakaanzia pale pale penye ukingo wa chini wa turubai. Mwalimu wake, Thomas Cole, aliyemfundisha katika mji wa Catskill, kando ya Mto Hudson, kuanzia mwaka 1844 hadi 1846, alizoea kuweka mafumbo na mafunzo ndani ya mandhari. Church aliyaacha maji yawe maji.

ZUHURA: Lakini mtazamaji hutaka kumwona binadamu mwenzake mahali fulani, na Church alilijua hilo kwa gharama. Mwaka 1859 alikwenda pwani za Newfoundland na Labrador, akaichora milima ya barafu inayoelea baharini akiwa ndani ya mashua. Picha aliyoitoa ilifunguliwa New York Aprili 1861, siku chache tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanza, naye akaiita *Kaskazini*. Haikuwa na mtu wala chombo. *Moyo wa Andes* ulikuwa umempatia dola 10,000, lakini hii haikupata mnunuzi.

BARAKA: Ndipo akaongeza mlingoti uliovunjika.

ZUHURA: Ndiyo, alipokuwa akiiandaa kwa maonyesho ya London ya mwaka 1863. Ni kipande cha mlingoti kilicholala juu ya barafu, nacho kinatosha kukuonyesha kwamba merikebu imezama. Edward Watkin, mwanasiasa na mkuu wa reli, aliinunua akaipeleka nyumbani kwake Manchester. Picha ikasahauliwa huko kwa miaka mingi, nyumba ikageuka kuwa makao ya wavulana, hadi ilipotambuliwa mwaka 1979 na kuuzwa mnadani kwa dola milioni 2.5. Sasa iko katika jumba la sanaa la Dallas.

BARAKA: Wakati Watkin akiitundika, mchoraji mwenyewe alikuwa anaelekea kwenye pigo kubwa kuliko lolote la biashara. Machi 1865 dondakoo iliwaua watoto wake wawili, Herbert na Emma. Yeye na mkewe Isabel walikwenda Jamaika mwaka huo huo, akawa anachora mimea na machweo. Baadaye walijaaliwa watoto wengine.

ZUHURA: Kisha baridi yabisi ikaushika mkono wa kulia, akajifunza kuishika brashi kwa mkono wa kushoto. Picha kubwa zilipungua.

BARAKA: Picha za turubai, labda. Wakati huo alikuwa na Olana, nyumba aliyoijenga kilimani juu ya Mto Hudson kuanzia mwaka 1870, akisaidiwa na msanifu Calvert Vaux, baada ya safari ndefu iliyomfikisha Beirut, Yerusalemu na Petra. Alichimba ziwa, akapanda maelfu ya miti, akachora njia za magari ya farasi kiasi kwamba kila kona inafungua mandhari mpya. Mwaka 1884 alimwandikia rafiki yake, mchongaji Erastus Dow Palmer, kwamba kwa njia hiyo anatengeneza mandhari nyingi zaidi na bora zaidi kuliko akihangaika na rangi studioni.

ZUHURA: Na madirisha, Baraka. Usiyasahau madirisha.

BARAKA: Siyasahau. Moja alilipamba kwa karatasi nyeusi iliyokatwa nakshi, akaibana katikati ya vioo vya rangi ya kaharabu. Mengine aliyaacha wazi yaelekee mtoni, na ng'ambo ya mto huo ndiko Catskill, kwa mwalimu wake.